Jinsi ya kuandika maisha ya kamanda wa msituni (tumchukue John Garang, aliyeongoza waasi wa kusini mwa Sudan)

Wengi wakiandika maisha ya kamanda wanaanza na kijiji alichozaliwa, shule, ubatizo, mpaka vita ianze msomaji ashalala. Kwa Garang anzia Bor, mji wa huko kusini, 16 Mei 1983. Kikosi cha 105 kimeasi, jeshi la Khartoum linakishambulia, na Garang ambae ni kanali wa jeshi hilohilo, tena ana PhD ya Iowa, yupo hapohapo Bor eti likizo. Serikali inamtegemea atulize mambo kumbe mwenzao mipango yote anaijua, akaishia Ethiopia na walioasi na huko ndo ikazaliwa SPLA, jeshi lake la waasi. Hapo sasa rudi nyuma kidogo: kusoma Tanzania, Anyanya (waasi wa kusini wa vita ya kwanza), makubaliano ya Addis Ababa ya 1972 yaliyomaliza vita hiyo na kumuingiza jeshini. Aya moja inatosha. Ila usiache hii, utafiti wake wa PhD ulihusu eneo la Jonglei, ambako serikali ilikuwa inachimba mfereji wa kupitishia maji ya Nile, na 1984 wapiganaji wake ndo waliosimamisha uchimbaji wa mfereji wa Jonglei!

Kabla hujagusa mapigano jiulize silaha anapewa na nani na akizidiwa anakimbilia wapi. Miaka ya mwanzo jibu ni Mengistu, mtawala wa Ethiopia. Sasa tazama 1991, Mei Mengistu anakimbia, kambi za Ethiopia zinakufa, wakimbizi kwa maelfu wanarudi Sudan kwa miguu, na Agosti mwaka huohuo makamanda wake Riek Machar na Lam Akol wanatangaza wakiwa mji wa Nasir kwamba Garang kang'olewa. Ukiandika Nasir kama ugomvi wa Wadinka (kabila la Garang) na Wanuer (la Machar) basi, umeruka nusu ya habari, wale walilalamikia udikteta na walitaka kusini ijitenge wakati Garang anahubiri Sudan Mpya iliyo moja. Kwahiyo usimpachike tu uhuru wa Sudan Kusini wa 2011, weka hotuba zake na kila moja mwaka wake pembeni.

Mauaji ya raia Bor mwishoni mwa 1991, yaliyofanywa na wapiganaji wa upande wa Machar, yaandike, na maovu ya upande wa Garang pia, makamanda aliowafunga kina Kerubino na Arok Thon, watoto waliopewa bunduki. Bila hayo unaandika risala ya msiba.

Ukipata mzee aliyekuwa msituni usimuulize "Garang alikuwa mtu wa aina gani", atakupa hotuba. Muulize mlikuwa mnakula nini, viatu mlitoa wapi, amri ilifikaje kama redio imekufa. Akishaanza kuongelea viatu ndo anaanza kukumbuka, na jina la bosi litakuja lenyewe.

Kifo sasa. 9 Julai 2005 kaapishwa makamu wa kwanza wa rais, 30 Julai helikopta ya rais wa Uganda inaanguka nae akitokea huko. Tetesi kwamba aliuawa zipe sentensi moja na uziite tetesi. Nafasi iliyobaki ipeleke Khartoum, Agosti mosi, habari zilipotangazwa watu wakaingia barabarani, maduka na magari yakachomwa na kabla wiki haijaisha waliokufa walikuwa makumi kwa makumi.