Jinsi ya kutetea bima ya afya kwa wote mbele ya bunge la jimbo Marekani

Ukipewa dakika tatu mbele ya kamati ya afya ya bunge la jimbo, usizimalize kwa kueleza kwamba afya ni haki ya kila mtu. Wanaokuunga mkono wanalijua hilo, na wanaokupinga wameshalisikia mara nyingi. Kinachoua miswada hii ni swali la nani atalipa, na atalipa kiasi gani. Jimbo la Vermont lilipitisha sheria yake ya bima ya afya kwa wote mwaka 2011 na gavana Peter Shumlin akaitia saini. Desemba 2014 gavana huyohuyo akaiweka kando, baada ya hesabu kuonyesha kwamba waajiri wangetozwa asilimia 11.5 ya mishahara na wananchi hadi asilimia 9.5 ya kipato. Basi anzia kwenye hesabu.

Chukua karatasi, uigawe safu mbili: kushoto kinacholipwa leo kwa bima, kulia kodi mpya itakayochukua nafasi yake. Mwaka 2024, bima ya familia inayopatikana kazini iligharimu wastani wa dola 25,572 kwa mwaka Marekani nzima. Mfanyakazi alikatwa dola 6,296, mwajiri akalipa 19,276 zilizobaki. Sasa, kwa mazoezi tu, weka viwango vile vya Vermont kwa familia yenye mshahara mmoja wa dola 60,000. Mwajiri atalipa 6,900, na familia isiyozidi 5,700. Jumla ni 12,600, chini ya nusu ya gharama hiyo ya bima, na bado hujahesabu pesa ambazo familia hutoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa.

Ukiishia hapo utaaibishwa. Rudia hesabu kwa kijana asiye na familia mwenye mshahara uleule: bima yake ya kazini ilikuwa wastani wa dola 8,951 tu, ilhali kodi inaweza kufika 12,600 zilezile. Huyu anaumia. Kisha mfikirie mwenye mgahawa ambaye leo hawalipii bima wafanyakazi wake. Safu yake ya kushoto ni sifuri, kwa hiyo kila senti ya kodi ni mzigo mpya. Hawa ndio watakaojaza ukumbi siku ya kusikilizwa, kwa hiyo waandalie jibu mapema: nafuu kwa biashara ndogo, viwango vinavyopanda kulingana na kipato, au miaka ya mpito. Ila kumbuka kwamba kila nafuu inatoboa mapato, na pengo hilo lazima lizibwe na mlipaji mwingine. Piga hesabu upya kila unapoongeza nafuu. Viwango vya jimbo lako navyo vitoke kwa mtaalamu wa hesabu za bima, visiwe vya kukopa Vermont.

Suala la pili ni la kisheria, na hapa wanaharakati wengi huteleza. Sheria ya shirikisho ya ERISA ya mwaka 1974 inazuia majimbo kuingilia mipango ya mafao ya waajiri. Makampuni makubwa mengi hujilipia yenyewe matibabu ya wafanyakazi wao, na kampuni ya bima inabaki kushughulikia makaratasi. Mswada ukiwaamuru waajiri hao wafunge mipango yao, tarajia kesi mahakamani. Njia iliyo salama zaidi ni kodi ya mishahara inayomhusu kila mwajiri, awe na mpango au hana, kisha umwachie mwenyewe aamue kama inamfaa kulipa mara mbili. Hawaii inawalazimisha waajiri kuwakatia bima wafanyakazi wa saa 20 na zaidi kwa wiki, lakini ilipewa ruhusa ya pekee na Kongresi. Usiitaje kama mfano ambao jimbo lolote linaweza kuuiga kesho.

Kuhusu fedha za shirikisho, tenganisha mafungu. Kifungu cha 1332 cha sheria ya afya ya shirikisho ya 2010 (Obamacare) kinaruhusu jimbo kuomba kibali cha kutumia kwa namna yake ruzuku za bima. Sharti ni kwamba idadi ya wenye bima, unafuu wa bei na upana wa huduma visipungue, na nakisi ya shirikisho isiongezeke. Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, ina njia yake, kifungu cha 1115 cha Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Medicare, bima ya wazee, haiguswi na kifungu cha 1332, kwa hiyo mswada unaohesabu pesa zake kana kwamba ziko tayari kwenye hazina ya jimbo una kasoro ya msingi. Weka pia akiba: karibu majimbo yote yamebanwa yasipange bajeti yenye nakisi, na uchumi ukiyumba kodi za mishahara hushuka wakati wagonjwa ni walewale.

Kabla ya kupeleka suala kwenye kura ya wananchi, soma katiba ya jimbo mstari kwa mstari. Colorado ilijaribu mwaka 2016 na karibu wapiga kura wanne kati ya watano wakakataa. Kodi ya asilimia 10 ilitisha, lakini hata baadhi ya watetezi wa haki za wanawake walipinga, kwa sababu katiba wakati huo ilikataza fedha za umma kulipia utoaji mimba.

Utaulizwa pia kwa nini msisubiri serikali ya shirikisho kule Washington. Jibu kwa mfano wa Kanada. Jimbo la Saskatchewan lilianza na bima ya hospitali mwaka 1947, likaongeza ya madaktari mwaka 1962 licha ya mgomo wa madaktari wenyewe, na sheria ya nchi nzima ikafuata mwaka 1966.

Siku ya kikao, peleka ukurasa mmoja tu: jedwali la kaya nne, yaani familia, kijana asiye na familia, mstaafu na mwenye biashara ndogo, wote wa wilaya ya mbunge unayezungumza naye. Wanaopoteza waandike juu kabisa, pamoja na nafuu uliyowapangia, kabla mtu mwingine hajakuuliza.