Somo: Handaki la reli ya modeli ambalo mkono wako unafika

Naulizwa lile lile kila wiki: treni ya modeli, ile ndogo ya mezani, imekwama ndani ya mlima wa kutengeneza, itatokaje? Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Vipimo vyangu ni vya HO, yaani 1:87 (treni halisi iliyopunguzwa mara 87), reli ya upana wa milimita 16.5. Mwenye N (1:160, reli milimita 9) apunguze kila kitu karibu nusu, isipokuwa mwinuko, kimo cha tundu la mkono (shimo la kuingizia mkono mlimani) na umbali ambao mkono unafika. Mkono wako haupungui.

1. Chora reli kwa ukubwa wake halisi juu ya maboksi yaliyokunjuliwa.

2. Usiweke pointi, pale reli zinapogawanyika, ndani ya mlima. Ikibidi, iwe mbele ya tundu kabisa.

3. Mwinuko usizidi sentimita 2 kwa kila mita. Reli ya juu ipite kama sentimita 10 juu ya ile ya chini, kwa hiyo unahitaji mita 5 za kupandia. Piga hesabu hii kabla ya kununua mbao.

4. Tundu la mkono. Hapa tusimame. Tundu hupangwa kabla ya mlima. Simama pale utakaposimama siku zote, unyooshe mkono hadi reli ya mbali kabisa: ikizidi sentimita 60 hufiki, hata ujidanganye vipi. Kisha chukua behewa lako refu kuliko yote (la abiria la Kimarekani la futi 85 huwa karibu sentimita 30) na ujaribu kulitoa kupitia tundu ulilolikata kwenye boksi. Mkono mtupu huingia tundu la sentimita 10 bila taabu. Mkono ulioshika behewa hautoki. Mimi sikati chini ya sentimita 15 kwenda juu na 35 kwa upana.

Tundu la chini ya meza peke yake halifai. Utapapasa usichokiona, na kiwiko kitaangusha mabehewa yaliyokuwa yamesimama salama. Meza ikiwa mbali na ukuta, acha mgongo wa mlima wazi wote. Ikiwa imegusa ukuta, na vyumba vyetu vya mtaa wa Majengo tunavijua, basi kilele chote kiwe kinafunuliwa kama kawa la kufunikia chakula. Kiwe chepesi, foamu na karatasi, kwa sababu kilele kizito utakinyanyua mara mbili tatu kisha uanze kuona uvivu. Na usikifunge kwa skrubu! Siku treni imekwama ndiyo siku bisibisi haionekani. Kikae kwa uzito wake, au kwa sumaku mbili ndogo.

5. Kwenye kona, funga penseli kwenye pembe ya behewa refu na nyingine ubavuni katikati, ulisukume polepole. Mistari itakayochorwa ndiyo mpaka. Ukuta wa handaki ukae nje yake kwa sentimita moja au zaidi.

6. Ndani ya handaki tumia reli za nikeli-silva (mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki). Za shaba ya manjano hupata weusi upesi kwa hewa yetu ya chumvi, na weusi huo haupitishi umeme vizuri. Lehemu waya kwenye kila kipande cha reli, usitegemee viungio. Mbao huvimba wakati wa masika na husinyaa wakati wa kiangazi, kwa hiyo acha mwanya wa unene wa kadi kati ya vipande.

7. Weka kingo za kimo cha sentimita 3 kandokando ya njia, treni ikianguka isifike sakafuni.

8. Endesha treni zako zote, mbele na kinyumenyume, kabla ya kufunika chochote.

9. Mlima wenyewe: wavu wa kuku, magazeti, gundi nyeupe, rangi. Kuta za ndani zinazoonekana mlangoni paka nyeusi.

MASWALI

Bamburi: Shekhe, asante. Mimi nimeshapaka plasta mlima mzima. Tundu nikate wapi?

Jibu: Hatua ya 4. Kata mgongoni, na utoe treni kwanza.

Kisauni: Mbona usumbuke, yakhe? Kwani Mombasa kuna handaki gani la treni?

Jibu: Nani kasema najenga Mombasa? SGR ikitoka Nairobi kwenda Naivasha hupita handaki la Ngong, kama kilomita 4 na nusu. Tena kwenye meza handaki lina kazi yake. Kona ya nusukipenyo cha sentimita 45 ukiikuza ni mita 39 tu ardhini. Treni gani ya abiria ya njia kuu itakunja hapo? Ndiyo maana tunaificha.

Mwanafunzi Likoni: Shikamoo kaka. Treni ikiwa ndani, nitajuaje imefika wapi bila kufunua?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Weka taa ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) upande mmoja wa reli na kipokezi upande wa pili, kisha uunganishe na taa nyekundu mezani. Mwale ukikatwa, taa inawaka. Siri ni kuupitisha mwale mshazari. Ukiukatisha njia moja kwa moja utapenya kati ya behewa na behewa, na taa itakonyezakonyeza. Giza la handaki linakusaidia, maana mwanga wa jua husumbua vipokezi.

Tudor: Naomba vipimo vya N.

Jibu: Soma aya ya kwanza.

Tudor: Nimesoma. Paka wangu naye analala humo ndani.

Jibu: Kumbe una swali la maana. Ziba mgongo kwa fremu ya wavu iliyoshikwa na sumaku. Inatoka kwa mkono mmoja.

Mwanafunzi Likoni: Na kusafisha reli za ndani? Nitumie msasa?

Jibu: Msasa hapana, mikwaruzo yake hushika uchafu. Panapofikika, kitambaa chenye spiriti kinatosha. Pasipofikika, chukua kipande cha hadibodi, ukining'inize chini ya behewa la mizigo, upande wake usio laini uguse reli, na behewa hilo lisukumwe na injini kila unapoanza kucheza. Hadibodi ikiwa nyeusi, ikwangue, uirudishe.