Somo: Ukibadilisha taarifa za bima ya gari katikati ya mwaka, unalipa nini na kwa hesabu gani

Ndugu zangu wenye magari, wiki iliyopita mama mmoja alinionyesha risiti ya shilingi 60,000. Ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye kitabu cha risiti za dukani, imeandikwa kwa kalamu "mabadiliko ya bima". Hakuna namba ya mkataba, hakuna mstari wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Alichobadilisha ni namba ya simu na anwani tu. Hela ile haikuwa ya bima, ilikuwa ya mfuko wa mtu. Iliniuma, ndiyo maana nimekaa kuandika somo hili. Mifano yote ni ya Tanzania Bara, gari dogo la binafsi, na VAT nimetumia kiwango cha kawaida cha 18%.

Hatua ya 1: Jua umekata bima ipi. Bima ndogo, ya mtu wa tatu (inalipa hasara ya wengine uliowagonga, si gari lako), kwa gari binafsi ni 100,000, ukiweka VAT inakuwa 118,000. Haiangalii thamani ya gari lako, kwa hiyo thamani ikipanda au ikishuka ada haiguswi. Bima kubwa, inayolipa na gari lako pia, ndiyo yenye hesabu, kwa sababu inatozwa kwa asilimia ya thamani. Kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi ni 3.5%.

Hatua ya 2: Jiulize, badiliko langu linaongeza hatari au thamani? Simu, sanduku la posta, herufi ya jina iliyokosewa, rangi ya gari: haya hayaongezi kitu, na ada haipaswi kusogea. Kupandisha thamani, kubadilisha matumizi kutoka binafsi kwenda biashara, kuongeza kinga ya kioo cha mbele, kutoka bima ndogo kwenda kubwa: hapo utaongeza hela. Kushusha thamani au kuvunja mkataba: hapo wewe ndiye unayedai.

Hatua ya 3: Toa taarifa kwa maandishi kabla badiliko halijaanza. Barua, barua pepe, hata ujumbe wa WhatsApp kwa namba rasmi ya ofisi, mradi tarehe ionekane. Usimwambie wakala kwa mdomo ukaondoka. Ambatanisha nakala ya kadi ya gari, na ripoti ya mthamini kama unagusa thamani.

Hatua ya 4: Omba hesabu iandikwe. Hapa ndipo wengi tunapigwa, kwa hiyo twende taratibu.

Gari lilikatiwa bima kubwa kwa thamani ya milioni 15. Unataka iwe milioni 20. Hulipii upya milioni 20 nzima. Unalipia ile nyongeza ya milioni 5, tena kwa siku zilizobaki tu:

5,000,000 × 3.5% = 175,000 kwa mwaka mzima.
Zimebaki siku 146 kati ya 365: 175,000 × 146 ÷ 365 = 70,000.
VAT 18%: 12,600.
Jumla: 82,600.

Ukitajiwa 206,500, ujue wamekutoza nyongeza ya mwaka mzima pamoja na VAT, wakati zaidi ya nusu ya mwaka imeshapita. Uliza kwa upole, lakini usiondoke bila jibu. Na kama kuna gharama ya kiofisi, iandikwe mstari wake peke yake, isifichwe ndani ya ada.

Hatua ya 5: Lipa, kisha chukua hati ya marekebisho. Ofisini wanaiita endosimenti. Ina namba ya mkataba wako, kilichobadilika na tarehe kinapoanza. Bila hiyo hati badiliko halipo, hata kama umelipa. Halafu ingia kwenye mfumo wa kuhakiki bima wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, weka namba ya gari, usome kilichoandikwa. Ni kazi ya dakika mbili.

Maswali ya wanachama

*Kaka, shikamoo. Nimenunua IST kwa jirani, bima yake kubwa imebaki miezi 7. Naendelea nayo?*

Marahaba. Usiendelee nayo kimyakimya. Bima ni mkataba wa kampuni na jirani yako, haihami yenyewe kwa kuwa gari limehama. Nendeni wote wawili ofisini na mkataba wa mauziano, muombe jina libadilishwe. Kampuni ina haki ya kukubali au kukataa. Kama jirani alikuwa na punguzo la kutodai (anapunguziwa ada kwa kuwa hajadai fidia), hilo ni lake, kwa hiyo unaweza kutakiwa kuongeza kidogo.

*Gari ni la binafsi ila usiku nabeba abiria wa mtandaoni, siku mbili tatu kwa wiki. Lazima niseme?*

Lazima, ndugu yangu, na hili nakuomba usilichukulie poa. Mkataba wako umeandikwa matumizi binafsi. Ukigonga saa 5 usiku una abiria anayelipa, mpelelezi wa kampuni atauliza abiria alitoka wapi, na safari yako imeandikwa kwenye programu, dakika kwa dakika. Madai yanaweza kukataliwa yote. Ada ya biashara ni kubwa kuliko ya binafsi, ni kweli inauma. Lakini tofauti hiyo unaijua leo. Gharama ya gari lililopondeka huijui.

*Nimefunga mfumo wa gesi mwezi wa 8, bima nilikata mwezi wa 2. Inahusu?*

Inahusu sana, na Dar es Salaam wengi wamefunga bila kusema. Gari limebadilika: kuna mtungi nyuma, kuna mabomba. Peleka cheti cha karakana iliyofunga, waruhusu wakague. Omba pia mfumo wenyewe uingizwe kwenye thamani, la sivyo likiungua utalipwa gari bila gesi. Kama mfumo ni milioni 2, nyongeza ni 70,000 kwa mwaka kabla ya VAT, ikatwe kwa siku zilizobaki.

*Nikiandikisha thamani ndogo si nalipa kidogo?*

Utalipa kidogo na utalipwa kidogo. Gari la milioni 20 ukiliandikisha milioni 12, mkataba ukiwa na kifungu cha uwiano (unalipwa kwa sehemu ya thamani uliyoandikisha, hapa 12 kwa 20), ajali ya milioni 5 utalipwa milioni 3, tena kabla hawajakata kile kiasi unachobeba mwenyewe.

*Nimeuza gari, nataka kuvunja bima. Narudishiwa?*

Kama hujawahi kudai, ndiyo, ila usitegemee hesabu ya siku kwa siku. Mteja akivunja mwenyewe, kampuni nyingi hutumia jedwali la muda mfupi, linalokata zaidi ya siku ulizotumia. Omba uone jedwali hilo. Na omba leo, maana kila siku inayopita inakula hela yako.

*Naenda Lubumbashi na gari langu.*

Omba kadi ya njano ya COMESA, yaani bima inayotambulika nchi jirani, kwa kampuni yako kabla ya safari. Inalipiwa kwa muda utakaokuwa nje, na inabeba madai ya mtu wa tatu. Gari lako lenyewe likiharibika huko ni suala jingine: uliza kama bima yako kubwa inavuka mpaka, na jibu lije kwenye hati.