Jumatatu ya Berlin ipangie mapema

Unapopanga siku tatu za kuitembelea Berlin, angalia kwanza Jumatatu inaangukia wapi, kwa sababu siku hiyo makumbusho makubwa kadhaa hufungwa, likiwemo Neues Museum lenye sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale. Jumatatu hiyo itumie nje: tembea kando ya East Side Gallery, kipande cha Ukuta wa Berlin chenye urefu wa takriban kilomita 1.3 kilichochorwa na wasanii wa nchi nyingi mwaka 1990, kisha upande kuba la Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani, ambalo halina kiingilio lakini linahitaji ujiandikishe kabla na ubebe pasipoti.

Siku nyingine, tafadhali usiliache Museum für Naturkunde, jumba la makumbusho ya viumbe na maumbile. Mifupa ya dinosaria iliyosimama katika ukumbi wake mkuu, yenye kimo cha zaidi ya mita 13, ilichimbuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, Tanzania, kati ya mwaka 1909 na 1913, na wachukuzi wa huko ndio walioibeba kwa miguu hadi pwani. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kusimama chini ya shingo ile na kuitazama kwa utulivu, basi itengee asubuhi nzima.

Stesheni za treni za mjini hazina vizuizi vya kuingilia. Hata hivyo, tiketi ya karatasi ambayo bado haijagongwa muhuri igonge kwenye kimashine kidogo kilichopo jukwaani kabla ya kupanda, maana wakaguzi hutoza faini papo hapo.