SOMO: Siku moja Venisi kwa watu wawili, bila kupigwa bei

Wakuu, swali ni lilelile kila nikifungua simu: "Kaka, nakuja Italia na mke wangu, tuna siku moja tu ya Venisi, tuanzie wapi?" Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena namtumia hili.

Hatua ya 1: Treni. Shukeni Venezia Santa Lucia, si Mestre. Mestre iko bara.

Hatua ya 2: Ada ya kuingia mjini. Ilianza 2024 kwa wageni wa kutwa. Haitozwi kila siku. Ni siku zilizotangazwa, nyingi zikiwa mwisho wa wiki na sikukuu kati ya Aprili na Julai, kuanzia saa 2 na nusu asubuhi hadi saa 10 jioni. Kwa bei za 2025 ni yuro 5 ukilipia mapema mtandaoni, ukichelewa hadi siku za mwisho ni yuro 10. Wanaolala hoteli ndani ya manispaa hawalipi, na Mestre imo, lakini lazima wajisajili wapate msimbo wa msamaha. Angalieni kalenda ya mwaka wenu kabla ya kukata treni.

Hatua ya 3: Boti. Boti za umma wanaziita vaporetto. Tiketi ya safari ni yuro 9.50 kwa dakika 75, ya saa 24 ni yuro 25. Mkipanda mara mbili chukueni za mojamoja, mkifika mara tatu chukueni ya saa 24. Pandeni namba 1 hapo mbele ya stesheni, itawapitisha Mfereji Mkuu wote taratibu mpaka San Marco, uwanja mkuu wa mji. Gombanieni viti vya nje. Na kila mnapopanda, gusisheni tiketi kwenye mashine ya gatini, hata ile ya saa 24 mliyokwisha kuigusisha asubuhi. Mkaguzi hasikilizi hadithi.

Hatua ya 4: San Marco. Kanisa mkalikute halijafunguliwa, tiketi mkiwa nayo tayari. Mabega na magoti yafunikwe, mama akiwa na khanga mkobani mambo yameisha. Inueni macho: dari lote ni vipande vidogo vya vioo na dhahabu, zaidi ya mita za mraba 8,000. Mnara wa kengele ulio mbele yake uliporomoka Julai 1902, wakaujenga upya ukafunguliwa 1912. Una lifti. Kisha nendeni daraja la Ponte della Paglia mpige picha ya daraja lililofunikwa la Ponte dei Sospiri. Wafungwa walipitishwa humo kutoka mahakamani kwenda gerezani, na leo wapenzi ndio wanaopanga foleni kubusiana mbele yake. Msikae chini uwanjani kula, ni faini.

Hatua ya 5: Gondola. Bei rasmi ni yuro 90 kwa nusu saa mchana, 110 kuanzia saa 1 jioni. Bei ni ya chombo, si ya kichwa, na chombo kinabeba hadi watu 5. Mkiona ni ghali, tafuteni traghetto ya Santa Sofia: ni gondola ya kuvushia watu Mfereji Mkuu, yuro 2 kwa mgeni. Inachukua dakika chache tu lakini maji ni yaleyale.

Hatua ya 6: Chakula cha mchana. Someni hapa polepole, maana somo hili nimelilipia kwa pesa yangu. Sisi watu wa pwani tukiona samaki mzima kalala juu ya barafu mlangoni, akili inahama. Mhudumu anakuja na sahani, anakuonyesha mmoja, jicho linang'aa, unaitikia kwa kichwa. Kwenye menyu kumeandikwa 7,50 na pembeni, kwa herufi za sisimizi, *all'etto*. Etto ni gramu 100! Samaki wa gramu 800 ni yuro 60, na bado hamjaagiza maji. Si wizi, imeandikwa, ila hakuna atakayekukumbusha. Kwa hiyo:
– Mwambie ampime mbele yako na akutajie bei kamili kabla hajaenda jikoni.
– Kuna *coperto*, pesa ya kukalia meza, kwa kila mtu. Hiyo ni halali.
– Menyu isiyo na bei, nyanyukeni. Msione haya.

Sisi siku hizi tunakula kwa kusimama kwenye vibaa vidogo, wanaviita bacaro. Vitafunwa vyake, cicchetti, vimepangwa kwenye kabati la kioo, unanyoosha kidole.

Hatua ya 7: Jioni. Zattere, njia ya kutembea kando ya maji, mkono kwa mkono. Hakuna cha kuelezea.

MASWALI

Mzaramo_Ughaibuni: Mkuu gondola shilingi ngapi kwa kichwa?
Jibu: Hatua ya 5.

Mzaramo_Ughaibuni: Nimeona, ila jamaa yangu aliambiwa 80.
Jibu: 80 ilikuwa bei ya mchana mpaka 2023. Ilipanda. Jamaa yako hakudanganya, amechelewa.

Bi Mwanaidi: Kaka, hivyo vitafunwa mtu asiyekula nguruwe atapata nini?
Jibu: Vingi tu, bibie. Baccalà mantecato ni samaki mkavu aliyepondwa na mafuta mpaka akawa kama krimu, wanampaka kwenye mkate au polenta, ambayo ni ugali wa mahindi ya njano. Sarde in saor ni dagaa wakubwa kwa vitunguu na zabibu kavu, tamu sana, ila wanalowekwa kwenye siki ya divai, hilo uamue mwenyewe. Sema *senza maiale*, watakuelewa.

Kibarua wa Padova: Tiketi za boti wanakagua kweli au unatutisha?
Jibu: Usigusishe, uone.

Mwl. wa Fasihi: Nilifundisha *Mabepari wa Venisi*, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, miaka mingi. Hiyo Rialto inayotajwa humo ipo kweli?
Jibu: Ipo, mwalimu, na umenifurahisha. Palikuwa kitovu cha biashara na benki. Daraja la mawe lilikamilika 1591, miaka michache tu kabla tamthilia kuandikwa kwa Kiingereza. Soko la samaki liko ubavuni, nenda asubuhi, Jumapili na Jumatatu halipo. Halafu tembea mpaka Ghetto, mtaa waliotengewa Wayahudi 1516. Usiku milango ilifungwa, na hali ikawa hivyo mpaka jeshi la Napoleon lilipofika 1797. Walikatazwa kutanuka, wakajenga kwenda juu. Hesabu ghorofa za nyumba zile, kisha linganisha na mitaa jirani.

Shanga_za_Mama: Na Murano kuna faida kwenda?
Jibu: Kwa jina lako hilo, nenda! Ni kisiwa cha mafundi wa vioo. Tanuri za vioo zilihamishiwa huko 1291 kwa kuogopa moto mjini. Shanga nyingi zilizobebwa na misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara karne ya 19 zilitoka Venisi. Ingia Museo del Vetro, makumbusho ya vioo, kwanza, ndipo uangalie maduka, na uulize kimetengenezwa wapi. Ila Murano ni boti kwenda na kurudi, hapo tiketi ya saa 24 inajilipa.

Mama Zuhura: Naongezea: choo cha umma wanatoza. Ingieni baa, mnunue kahawa ya kusimama, mwombe funguo.
Jibu: Kweli kabisa, na msikae. Ukikaa, kahawa inabadilika bei, na uwanjani San Marco bendi ikipiga wanaongeza pesa ya muziki.