Kupima usalama wa kauri ya mfupa wa ng'ombe kwa seli: mwongozo wa maabara, Arusha

Mwongozo huu ni wa anayetengeneza haidroksiapataiti, yaani kauri ya kalisi na fosfati iliyo madini ya mfupa wenyewe, kutokana na mifupa ya ng'ombe, ambayo hapa Arusha haikosekani machinjioni, na anataka kujua kama inafaa kuziba pengo la mfupa wa mgonjwa. Kipimo cha kwanza ni cha sumu kwa seli, kwa kufuata ISO 10993-5, kiwango cha kimataifa cha kipimo hicho. Nitakaa sana kwenye maandalizi, kwa sababu huko ndiko kauri nyingi nzuri zinakohukumiwa bure.

Hatua ya 1: Ijue sampuli yako

Mfupa uliochemshwa na kutolewa mafuta huchomwa kwenye tanuri, mara nyingi kati ya nyuzi 800 na 1,000 za Selsiasi. Vunja kipande uangalie ndani. Kiini kikiwa cha kijivu, kaboni bado imo, kirudishe motoni. Moto ukizidi nao, sehemu ya apataiti huvunjika na kuacha chokaa, na chokaa ndiyo adui mkubwa wa kipimo hiki. Loweka unga kidogo kwenye maji yaliyokenekwa, dondoshea fenolftalini, kiashiria kinachoonyesha alkali ya chokaa. Maji yakigeuka waridi, osha unga, ukaushe, pima tena mpaka rangi isitokee.

Maji ya miteremko ya Meru yana floraidi nyingi, nayo huingia kwenye mifupa ya mifugo kama inavyoingia kwenye meno ya watoto wetu. Apataiti yenye floraidi huyeyuka polepole zaidi. Kwa hiyo andika ng'ombe alikotoka. Usichanganye mifupa ya Ngurdoto na ya mnadani halafu ukashangaa majibu yanapotofautiana.

Pima pia metali nzito. Kwa kila kilo moja, arseniki isizidi miligramu 3, kadimiamu 5, zebaki 5, risasi 30.

Hatua ya 2: Ua vijidudu

Otoklevu, yaani chungu cha mvuke wa shinikizo, nyuzi 121, dakika 20. Wengi wanatumia ile ndogo ya geji na kusimama kwenye shinikizo la psi 15, kama kitabu kinavyosema. Kitabu kiliandikwa kwa usawa wa bahari. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi, na kwa psi 15 hujafika nyuzi 121. Panda hadi 17 na ushee. Moshi iko chini zaidi, nyongeza yake ni ndogo. Anayepima zirkonia, kauri ya aina nyingine, asitumie mvuke kabisa, kwani hubadili fuwele zake na kuidhoofisha.

Hatua ya 3: Tengeneza dondoo

Dondoo ni midia, yaani maji ya kulishia seli, iliyolowekewa kauri. Unga: gramu 0.2 kwa kila mililita ya midia yenye seramu. Kipande kizima chenye unene unaozidi milimita 0.5: sentimita 3 za mraba kwa mililita. Kauri yenye vinyweleo hunywa midia, kwa hiyo pima kwanza inakunywa kiasi gani, kisha ongeza kiasi hicho. Acha kwa nyuzi 37, saa 24, ukitikisa taratibu.

Sasa inua chupa kwenye mwanga. Midia yenye fenoli nyekundu, rangi inayobadilika kwa pH, ikibaki na wekundu wake wa kawaida, endelea. Ikiwa imeelekea zambarau, chukua kipima pH. Mwanafunzi akija na kusema, "Mwalimu, kauri yangu ni sumu," swali langu la kwanza ni hilo: pH ilikuwa ngapi? Dondoo ikivuka 8, rudi hatua ya 1 ukaoshe. Usitie asidi kimyakimya ili rangi ipendeze, maana chokaa ile ile itamwagika kwenye mwili wa mtu, na huko hakuna wa kutia asidi.

Hatua ya 4: Seli

Panda seli za L929, ambazo ni fibroblasti za panya, 10,000 kwa kila kisima cha pleti ya visima 96. Visima vya pembeni hukauka upesi, viwekee midia tupu. Baada ya saa 24, ondoa midia na weka maikrolita 100 za dondoo kamili, nyingine iliyozimuliwa nusu, na zaidi ya hapo. Kwenye visima vingine vya ndani weka, kwa kulinganisha, dondoo ya polietilini, isiyodhuru, na ya lateksi, inayoua. Saa 24 nyingine, kisha angalia kwa hadubini kabla ya kugusa chochote: seli nzima zimelala zikiwa zimenyooka, zinazokufa hujikunja duara na kubanduka.

Weka MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau, miligramu 1 kwa mililita, maikrolita 50 kila kisima, saa 2. Mwaga, tia maikrolita 100 za isopropanoli, tikisa, soma ukali wa rangi kwa nanomita 570.

Hatua ya 5: Soma majibu

Seli zisizopewa dondoo ni asilimia 100. Kauri ikishusha uhai wa seli chini ya 70, inaweza kuwa na sumu. Lateksi isipoua, jaribio zima halifai. Dondoo iliyozimuliwa ikiua kuliko kamili, rudia.

Ukivuka hapa, bado kuna kuvunjika kwa chembe za damu, mzio, na upandikizaji kwa wanyama unaohitaji kibali cha maadili. Utafiti kwa binadamu unapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kifaa chenyewe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Vipimo vyote hivyo vitahitaji unga wa mchomo huu huu, kwa hiyo uhifadhi uliobaki kwenye chombo kikavu, ukiwa na tarehe ya tanuri na nyuzi zake.