Kuiamsha Canter iliyolala miaka 3
Canter yangu, lori dogo la kubebea mchanga, ililala miaka 3 nyuma ya nyumba, Morogoro. Usikimbilie ufunguo. Anza na tangi: fungua nati ya chini, mwaga dizeli yote ya zamani. Kwangu yalitoka maji na utando mweusi, uchafu ambao ungeua pampu ya dizeli na nozeli zinazoinyunyiza ndani ya injini. Weka filta mpya, jaza dizeli safi, kisha toa upepo kwenye njia ya dizeli: legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Badili oili, chaji betri zote 2.

Injini ikiwaka, bado hujamaliza. Breki ndizo zinazonitia hofu: raba za silinda za breki hukauka, mafuta ya breki hunyonya unyevu. Fungua kila gurudumu ukague. Tairi lenye nyufa ubavuni usilipakie mzigo.